Naombeni ushauri: nibaki na Super Nintendo yangu au nihamie emyuleta?

Katriji: Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo yenu maana usingizi sipati. Nina mashine ya gemu ya Super Nintendo orijino tangu utotoni, inawaka vizuri tu, ila nikiichomeka kwenye flati skrini nabonyeza kuruka Mario anachelewa, anaishia shimoni. Nibaki nayo au nihamie emyuleta, ile programu inayoiga mashine, kwenye laptopu?

Mnyoofu: Kabla ya yote, hizo romu, yaani mafaili ya gemu, utazitoa wapi? Kushusha gemu usilolimiliki ni wizi, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Waya wa Njano: Umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na mashine ya Mega Drive, yale maporomoko ya maji ya gemu la Sonic kwenye TV ya chogo unaona mpaka nyuma yake, nikaja kuyakuta kwenye emyuleta ni mistari imesimama kama meno ya chanuo, kumbe ule waya wa njano wa picha ndio ulikuwa unachanganya rangi. Sikurudi tena huko.

Pedi Moja: Mashine inawaka, haraka ya nini? Kuna kitu hujasema.

Katriji: Sawa. Kuna jamaa anaijia Jumamosi na kishika uchumba nimeshapokea. Ila sijakurupuka, kapasita zinazeeka, betri za ndani ya katriji (kaseti za gemu) zinachoka, na programu ya emyuleta ya RetroArch tangu 2018 ina run-ahead inayokata hata ule ucheleweshaji wa gemu lenyewe. Juzi wadogo zangu wanalenga na Super Scope, ile bunduki ya gemu, nikajisemea hivi vitu vitanifia mkononi bure.

Pedi Moja: Hii chai. Super Scope inasubiri mwale unaochora picha kwenye TV ya chogo ndiyo ijue umelenga wapi, flati haina mwale huo. Wamelengaje?

Kijiti: 😂😂 nimeshasogeza kiti

Katriji: Sio chai wakuu. TV ya chogo ipo, iko chumbani kwa wadogo zangu. Sikuitaja kwa sababu jamaa anaichukua pamoja na mashine, tulipatana vyote.

Pedi Moja: Sasa si ndiyo hiyo! Kinachokuchelewesha ni flati. Picha 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde 16 na ushee, flati ikizishikilia tatu nne ili izikuze na kuzing'arisha ushatumbukia. Mrudishie jamaa hela yake.

Katriji: Nimeshatoa neno mkuu, na hela imeshaingia kwenye matumizi.

Fundi Soketi: Basi uza, ila okoa sevu zako, yaani kumbukumbu za ulipofikia kwenye gemu. Zinakaa kwenye chipu inayolishwa na betri ya CR2032, ikifa au ikichomolewa zimekwenda. Tafuta kisoma katriji cha USB, nakili sevu na gemu zenyewe, huna haja ya kushusha romu za watu.

Katriji: Na emyuleta itazifungua?

Fundi Soketi: Itazifungua, faili la sevu lipe jina lilelile la gemu, mwishoni weka .srm. Hakikisha gemu linaendelea pale ulipoishia kabla jamaa hajafika, sio baada.