Nyumba ya mbao katikati ya miti, itadumu kweli?

kiwanja_chenye_miti: Wakuu habari zenu. Nina kiwanja kina miti mikubwa na mteremko kidogo, nataka nijenge nyumba ya familia ya mbao bila kufyeka kila kitu. Ila kila ninayemwambia ananiambia mchwa watakula, itaoza. Na hii ya mbao kuwa rafiki wa mazingira ni kweli au biashara tu?

randa_na_msumeno: Inadumu mkuu, shida siyo mbao, shida ni maji. Ukungu unaoozesha mbao unataka unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, ukihakikisha mbao inakaa chini ya hapo haiozi, kwa hiyo ramani ianze na paa, upenu utoke nje wa kutosha, halafu inua nyumba kwenye nguzo uvungu upitishe hewa. Kwa mteremko nguzo ndo jibu, husawazishi kiwanja chote na mizizi mingi inapona. Mguu wa nguzo usiuzike kwenye zege, uweke kwenye kiatu cha chuma uachane na maji. Na pale ubao unapokatwa, kichwani, ndo panapofyonza maji kuliko ubavuni, paka dawa kila unapokata, mafundi wengi wanaparuka hapo.

mdau_misitu: Urafiki wa mazingira unategemea mbao imetoka wapi. Mbao kavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na inabaki humo muda wote nyumba imesimama, ila kama msitu ulikatwa ukaachwa hivyo hivyo bila kupandwa tena hujafanya kitu. Tafuta yenye cheti cha FSC (kinachoonyesha imetoka msitu unaotunzwa vizuri) au boriti za nyumba zinazobomolewa. Alafu vipande vilivyotiwa CCA, dawa ya kuzuia mbao isioze wala kuliwa na wadudu, msipikie jamani, ina arseniki, moshi na majivu yote sumu.

kiwanja_chenye_miti: Asanteni. Na mchwa sasa?

randa_na_msumeno: Wale wa ardhini wanapanda kwa vijia vya udongo. Kofia ya bati juu ya kila nguzo haiwamalizi, ila inawalazimisha wapite nje uwaone, ndo maana uvungu uwe wa mtu kuingia na tochi. Na usihifadhi kuni humo!!

fundi_mstaafu: Nyongeza, usiipeleke nyumba chini ya matawi eti upate kivuli. Majani yanaziba mifereji, ukuta haukauki. Sogeza nyumba, mti uache ulipo.