Mtama uliohaririwa jeni: ni GMO au siyo, na kwetu utaruhusiwa?

MkulimaKongwa: Wakuu habari zenu. Nalima mtama huku Kongwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kinatumaliza, mtama unaota vizuri halafu unadumaa, ukiangalia chini unakuta vimaua vyekundu vimejaa. Nasikia Kenya wanatafiti mtama uliohaririwa jeni unaostahimili kiduha. Hiyo ni GMO, yaani zao lililobadilishwa jeni, au siyo? Nauliza maana yale mahindi ya GMO ya majaribio ya Makutupora serikali iliyasimamisha 2018.

BwanaShamba_Dom: Mkuu ni vitu viwili tofauti. Yale mahindi yalipandikizwa jeni ya bakteria. Kuhariri ni kuzima au kurekebisha jeni ambayo mmea unayo tayari. Mbegu ya kiduha inalala ardhini mpaka isikie kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama ndo inaamka, sasa wakizima jeni moja ile kemikali inabadilika na kiduha hakiamki. Na kuna mitama ya kienyeji hapa hapa Afrika ambayo jeni hiyo haina tangu asili! Ndo maana binafsi naona siyo haki mtama uleule ukiupata kwa kuchavusha uwe halali, ukitoka maabara uwe kesi. Argentina waliliona hilo 2015, Nigeria 2020, Kenya 2022, wanaangalia kila zao lenyewe, kama halina jeni ngeni halihesabiwi GMO. Mahakama ya Ulaya 2018 ikaamua kinyume, zote GMO. Sisi Tanzania kanuni zetu za GMO za 2009 ziliandikwa kabla hii teknolojia haijaenea, kwahiyo lazima ziangaliwe upya.

MamaMbegu: Sayansi sina shida nayo kaka, shida yangu ni hataza, yaani mtu kuimiliki mbegu kisheria wengine wasiizalishe bila ruhusa yake. Huku Mpwapwa mbegu ya mtama tunaweka sisi wenyewe na jirani akikosa unampimia. Kanuni zikija zitamke wazi kwamba mkulima ana haki ya kutunza na kugawa mbegu, na kazi wapewe TARI Hombolo, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, wako hapahapa Dodoma na mtama ndo kazi yao, mbegu ibaki ya umma. Bila hivyo njaa haipungui, tutakuwa tunanunua mbegu kila msimu.

BwanaShamba_Dom: Dada hapo nakuunga mkono kabisa, hilo liandikwe.
@MkulimaKongwa usisubiri kanuni, king'oe kiduha kabla hakijakomaza mbegu maana mche mmoja unamwaga maelfu na zinakaa ardhini miaka mingi, msimu ujao hapo weka karanga au kunde, na samadi usiache.