Kadi imo ndani, mchezo haumo: huyu mtengenezaji anatuchukuliaje?

Mleta uzi

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayekutana na neno kali anisamehe mapema. Sitamtaja jina. Hakuna haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewahi kushika gemu la mkononi ameshamjua kabla sijafika sentensi ya tatu.

Nilinunua mchezo wa kwenye kasha. Nasema kasha kwa makusudi: plastiki ngumu, jalada lenye picha, nailoni iliyobana kila pembe, na ndani yake kadi ya kuchomeka kwenye kifaa. Ningeweza kuununua mtandaoni nikiwa nimelala, lakini nilitaka kitu cha kushika mkononi, cha kumwazima mdogo wangu, na cha kuuza siku nitakapokichoka. Sikuufungua nyumbani. Niliutunza wiki nzima kwa ajili ya safari ya muda wa saa 9, nikijizuia kila nilipopita karibu na kabati. Gari likaondoka, nikachana nailoni, nikachomeka kadi, nikasikia ule mlio mdogo wa kadi inapokaa mahali pake, kisha kioo kikaniambia niunganishe intaneti ili nipakue mchezo.

Kadi imo ndani. Mchezo haumo.

Nilidhani nimeichomeka vibaya. Nikaitoa, nikaipuliza kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti za michezo za zamani, nikairudisha. Ule mlio mdogo ukasikika tena, na maneno yale yale yakatokea tena. Nilirudia mara nyingi kiasi kwamba abiria wa kiti cha jirani aliniuliza kama ninatengeneza saa. Saa 9 nzima nilikaa nimepakata kasha lenye picha ya shujaa anayeruka juu ya moto, na laiti picha ile ingeendelea kunitazama kwa saa moja zaidi, ningeshuka njiani nikamalizia safari kwa miguu.

Nilipofika ndipo tusi lilipokamilika. Mchezo una GB 60. Kwa mtandao wangu wa megabiti 10 kwa sekunde, ukienda bila kukatika hata mara moja, hizo ni zaidi ya saa 13 za kupakua, yaani ningeweza kusafiri safari ile, nikala, nikaoga, nikaanza kurudi, na bado haujaisha. Nikakubali. Kifaa kikajibu kwamba nafasi haitoshi. Nikatafuta kadi ya memori niliyoitumia kwenye kifaa changu cha zamani, ambayo ni nzima, ina nafasi tele, na haijawahi kunikosea. Ikaingia kwenye tundu bila shida. Kifaa kikasema kwamba kadi hiyo kinaweza kuisoma kwa ajili ya picha na video tu, na kwamba michezo inataka kadi ya aina mpya, ile ya Express, yenye umbo lile lile na bei inayokaribia kuwa mshahara.

Sasa hesabuni pamoja nami. Kuna kadi ya kwanza ambayo haina mchezo. Kuna kadi ya pili ya kuwekea mchezo usiokuwamo kwenye kadi ya kwanza. Na kila ninapotaka kucheza, kadi ya kwanza lazima iwe imechomekwa, ili ithibitishe kwamba ninamiliki mchezo ambao yenyewe haina. Kuna mtu alikaa kwenye kikao akalisema jambo hili kwa sauti, na wenzake hawakumtoa nje.

Nimefuta michezo minne ili kupata nafasi, na upakuaji umefika asilimia 6. Kinachoniuma zaidi hata si nafasi. Ni ule mlio. Kadi ililia kama kadi yenye mchezo.

Kidole Gumba

Pole, ndugu, lakini kosa ni lako mwenyewe. Makasha ya aina hiyo yana onyo mbele, sehemu ya chini ya jalada, linaloeleza kwamba kadi ni ufunguo tu na kwamba mchezo wote unapakuliwa. Umekaa na kasha wiki nzima ukilipita kabatini, na hukupata dakika moja ya kulisoma.

Mleta uzi

Nimeliona, baada ya kuambiwa na kioo. Liko chini kabisa, mahali ambapo kidole gumba hushika kasha. Jina la mchezo limeandikwa kwa herufi ambazo mtu wa ng'ambo ya mto angezisoma, lakini habari kwamba mchezo haumo imeandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kama ni habari njema, waiandike juu.

Binti Vitufe

Mimi nitamtetea kidogo huyo mnayemsema, lakini kwa jambo moja tu. Kadi ya memori ya kawaida, hata iwe nzuri kiasi gani, inapita kwenye njia ya UHS-I ambayo mwisho wake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kadi ya Express inatumia njia ya PCIe, sawa na diski za kisasa za kompyuta, na kikomo chake cha kinadharia ni megabaiti 985 kwa sekunde. Ukiigeuza utaona ina safu ya pili ya vibati vya kugusana na kifaa. Michezo ya sasa husoma data mfululizo wakati unacheza, na kadi ya polepole ingekufanya usimame mbele ya mlango ukisubiri chumba kijengwe. Kwa hiyo kukataliwa kwa kadi yako ya zamani kuna sababu ya kiufundi. Kuuziwa kadi isiyo na mchezo hakuna.

Mleta uzi

Nakubali kuhusu kasi, dada. Lakini hata njia ya megabaiti 985 kwa sekunde haiwezi kusoma kisichokuwepo.

Mzee wa Kaseti

Vijana, mnanisikitisha. Kaseti ya mchezo wa Tetris iliyokuja na kifaa cha mkononi cha Game Boy mwaka 1989 ilikuwa na kilobaiti 32. Mchezo wote, muziki wote, kila kitu, ndani ya kilobaiti 32. Katika GB 60 za mleta uzi unaweza kuuweka mchezo ule zaidi ya mara milioni 1.8. Uliichomeka kaseti, ukawasha, ukacheza. Haikuuliza una mtandao gani. Sisemi kwamba watu warudi kwenye kioo cha kijani, nasema kwamba kaseti ilikuwa na aibu ya kuja mikono mitupu.

Ghala Limejaa

Mleta uzi ana shida ya mchezo mmoja, mimi nina shida ya kifaa kizima. Kasha la kifaa changu limeandikwa GB 256. Nikakiwasha, sikuziona. Sehemu ya kwanza ya upotevu ni hesabu: mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, wakati mifumo mingi inahesabu kwa vipimo vya 1,024, kwa hiyo 256 zake zinasomeka kama 238 hivi. Sehemu ya pili inachukuliwa na mfumo wenyewe. Kinachobaki kinatosha michezo mitatu au minne mikubwa, na kila mmoja huleta masasisho yanayonenepa kila mwezi. Siku hizi nikitaka kucheza mchezo wa zamani kidogo, lazima kwanza nikae na kuamua ni upi ufe. Nimekuwa hakimu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kidole Gumba

Ndiyo maana mimi nilishaacha makasha. Michezo yangu yote ni ya mtandaoni, hakuna kadi ya kupotea chini ya kochi, hakuna kubadilisha kadi gizani, na ikinijaa nafuta nikijua nitaipakua tena. Hata mleta uzi, mwishowe, amenunua mchezo wa mtandaoni na kulipia plastiki juu yake.

Mleta uzi

Hicho ndicho ninachosema! Nililipia plastiki! Nilichomeka plastiki, ikalia, nikafurahi!

Mzee wa Kaseti

Kidole Gumba, hilo la kupakua tena ulilifikiria vizuri? Duka la mtandaoni la kifaa cha mkononi cha Nintendo 3DS liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Waliokwisha kununua waliendelea kupakua walivyonavyo, lakini mchezo uliokuwa mtandaoni tu, bila kaseti, hauna tena mahali halali pa kununuliwa. Mwaka 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya vifaa vyake vya PS3, PSP na Vita, watu wakapiga kelele, ikarudi nyuma kwa PS3 na Vita, lakini PSP ikaenda. Michezo hiyo haikunusurika kwa sababu ya haki ya mtu yeyote, ilinusurika kwa sababu watu walikasirika kwa wakati.

Binti Vitufe

Na mchezo wa mtandaoni si umiliki kwa vyovyote vile, ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia tu. Huko California kuna sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kuandika neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni, isipokuwa pale ambapo mteja anaweza kuipakua bidhaa na kubaki nayo daima bila mtandao. Kwa mleta uzi kuna nafuu moja: kadi yako ya ufunguo haifungwi kwenye akaunti yako. Unaweza kumwazima mdogo wako, na unaweza kuiuza. Kuna makasha mengine mabaya zaidi, ambayo ndani yake mna karatasi yenye msimbo wa kupakulia, na ukishautumia mara moja unabaki na karatasi.

Mleta uzi

Nimempa mdogo wangu habari hiyo. Ameniuliza ataupakua kwa mtandao gani na ataweka wapi, kwa sababu kifaa chake kimejaa kuliko changu. Kwa hiyo nitamwazima mlio. Upakuaji asilimia 19.

Mpenda UMD

Mnaongea kana kwamba haya yalianza juzi. PSP Go ilitoka mwaka 2009 bila sehemu ya kuweka UMD, ile diski ndogo ya michezo ya PSP, na hifadhi yake ya ndani ilikuwa GB 16. Aliyekuwa na rafu nzima ya UMD hakuwa na pa kuziingiza. Kisha ikaja Vita, ambayo haikupokea kadi za memori za kawaida kabisa, ilitaka zake yenyewe, na ile ya GB 32 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 100 ilipoingia sokoni mwaka 2012. Kadi ya Express angalau kampuni mbalimbali zinaitengeneza, kwa hiyo inaweza kushuka bei. Mimi ningechukua tatizo la mleta uzi leo hii na kumpa langu la wakati ule.

Ghala Limejaa

Mpenda UMD, usisahau kwamba kadi kubwa ya mchezo nayo ina gharama. Diski hugharimu karibu sawa, ijae au isijae. Kadi ya mchezo ni kipande cha memori, na kadiri inavyokuwa na nafasi kubwa ndivyo mchapishaji anavyolipa zaidi kwa kila nakala anayoitoa kiwandani. Ndipo anapopata wazo la kuweka ufunguo mdogo na kukuachia wewe gharama ya memori. Gharama haikufutwa, imehamishwa kutoka mfukoni mwake kwenda mfukoni mwako. Hilo ndilo linalonikera mimi, na siyo mlio.

Mleta uzi

Wewe hukuusikia.

Mpenda UMD

Kwa kuwa tumefika kwenye kaseti, naomba ushauri. Nina kaseti ya zamani ambayo mchezo wake bado unafunguka vizuri, lakini hifadhi yangu, yaani kumbukumbu ya pale nilipofikia, haipo. Nilikuwa nimefika mwisho kabisa, kila kitu kimekamilika, na sasa kila nikizima kifaa kinaanza upya kama hatujawahi kuonana.

Mzee wa Kaseti

Hapo umenigusa. Hiyo ni betri. Mchezo wenyewe uko kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka, lakini hifadhi ya mchezaji iko kwenye memori inayoshikiliwa na betri bapa ndani ya kaseti. Ikiisha, na huisha, kila ulichokihifadhi kinaondoka nayo. Fungua kaseti utaiona, imechomelewa kwa vibati viwili.

Mpenda UMD

Naweza kubandika mpya kwa gundi ya karatasi?

Binti Vitufe

Usithubutu. Nunua betri iliyokwisha kuwekewa vibati, kisha uichomelee mahali pa ile ya zamani. Ukichomelea moja kwa moja kwenye betri unaipasha moto, na inaweza kupasuka.

Mleta uzi

Asilimia 43. Mtandao umekatika, umerudi, unaendelea. Kuna yeyote anayejua kama nikizima kioo kitaendelea kupakua?

Ghala Limejaa

Mzee, hiyo betri ni aina gani? Nami nina kaseti tatu zenye dalili hizo hizo.

Mzee wa Kaseti

Baadhi za Game Boy hutumia CR2025, lakini fungua kwanza usome namba iliyoandikwa juu yake, kwa sababu nyingine ni CR1616, nayo ni ndogo zaidi. Na kama hifadhi ya kaseti yoyote bado ipo, itoe kwanza kwa kifaa cha kunakili kaseti kabla hujagusa betri, maana ukishaiondoa umekwisha.

Kidole Gumba

Mimi kumbe ninayo moja kwenye droo, ya utotoni. Ngoja nikaitazame.

Mpenda UMD

Ukiikuta hifadhi yako bado ipo, rudi utuambie ni ya mwaka gani.