Ulimi unaniwaka moto na mdomo una ladha ya chuma, hospitali hawaoni kitu. Naombeni ushauri

Mwl_Kihonda
Wakuu salaam. Mimi ni mama wa miaka 53, niko Morogoro. Tangu mwaka jana ulimi unaniwaka, hasa kwenye ncha na pembeni, kama nimeunguzwa na chai. Siku nyingine kaakaa na mdomo wa chini navyo vinafuata, na mate yana ladha ya chuma.

Nikiamka asubuhi niko sawa kabisa. Kwenye saa nne unaanza taratibu, jioni ndiyo balaa, hata kuongea sitaki. Cha ajabu, nikila au nikitafuna bigijii unatulia. Nikimaliza, unarudi.

Kituo cha afya wameangalia: hakuna kidonda, hakuna utando. Nikapewa dawa ya fangasi, nikaimaliza, hola. Nikapewa antibiotiki, ile ladha ya chuma ikazidi. Nikang'olewa jino lililotoboka, sasa pengo lipo na moto upo.

Nyumbani maneno yameanza. Mzee anaona ninadeka, wifi anasema nimetupiwa kitu. Usiku nakesha na simu nasoma habari za kansa. Aliyepitia hili anisaidie: niende kwa nani, nipime nini?

Chuma_Chakavu
Ulimi wa mwalimu huo, umechoka kufokea watoto wa watu. Natania mama, pole sana. Naweka kambi hapa, dada yangu analalamika hivyo hivyo.

Mizizi_Asilia
Hayo ni mambo ya kutumiwa. Njoo inbox, nina dawa ya siku 7.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mizizi, kila uzi wewe una dawa ya siku 7.
Mdogo wangu, pole. Mimi ulinianza baada ya hedhi kukoma, na niliitwa mwongo na watu wa ndani mwangu. Aliyenielewa ni daktari bingwa wa kinywa, alinieleza kuwa mdomo ni mzima ila mishipa ya fahamu inapeleka habari za uongo kwenye ubongo. Niliacha pilipili, ndimu, na dawa za kusukutua zenye spiriti. Dawa ya meno nikabadilisha, natumia isiyo na mnanaa wala ile kemikali ya povu inayoandikwa SLS kwenye boksi. Haujaisha, lakini mchana kutwa unaweza kupita nisiukumbuke.

Dokta_Gego
Mwalimu, mimi ni tabibu wa meno. Hiyo ya asubuhi nafuu, jioni balaa, na kutulia unapokula, ndiyo inanifanya nisiikimbilie kansa. Kansa ya mdomo kwa kawaida huacha kitu cha kuonekana au kushikika: kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona wiki 2 zikapita, uvimbe, ganzi. Ukiona hayo, usisubiri.

Maelezo yako yanafanana na hali ya mdomo kuwaka bila kidonda (kwa Kiingereza burning mouth syndrome), ile ya mishipa ya fahamu aliyoieleza Bi Mkubwa, ambayo huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Lakini huwezi kuambiwa unayo mpaka sababu nyingine ziondolewe. Kapime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, foliki asidi, sukari na homoni za thairoidi. Halafu nijibu: unakunywa dawa gani kila siku? Una meno ya bandia? Unakula udongo?

Kijana_wa_Darajani
Dokta samahani nadandia. Baba yangu ni mtu wa tambuu, akila chenye pilipili mdomo unamuungua na siku hizi hata kupiga miayo hawezi vizuri. Ni ugonjwa huo huo?

Dokta_Gego
Hapana, mdogo wangu, huo si wa kulinganisha na wa mwalimu. Popoo iliyomo kwenye tambuu hukakamaza ngozi ya ndani ya mdomo, na hali hiyo inaweza kugeuka kansa. Aache, na wiki hii aonwe.

Mwl_Kihonda
Asante Dokta. Meno ya bandia sina. Nakunywa enalaprili ya presha, niliandikiwa muda mfupi kabla ya haya kuanza. Nina kikohozi kikavu pia, nikadhani ni vumbi la chaki. Na udongo wa pemba, jamani, umejuaje?

Dokta_Gego
Wateja wangu wengi wanao kwenye pochi 😀

Enalaprili na ndugu zake, kaptoprili na lisinoprili, zinajulikana kwa kikohozi kikavu, na kwa baadhi ya watu huharibu ladha au kuunguza ulimi. USIIACHE mwenyewe. Presha ikipanda, kiharusi hakitakupa nafasi ya kufungua uzi wa pili. Mwambie aliyekuandikia akubadilishie kundi la dawa, na ukibadilishiwa usitegemee nafuu kesho yake, huweza kuchukua wiki kadhaa.

Pemba nao: hamu ya udongo mara nyingi huenda na upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huo wenyewe huweza kuunguza ulimi. Usimeze vidonge vya chuma kabla ya kipimo. Una washukiwa wawili hapo hata hatujafika kwenye mishipa ya fahamu.

Chuma_Chakavu
Nasikia kuna kidonge unanyonya halafu unatema?

Dokta_Gego
Klonazepamu. Kinanyonywa kwa dakika 3 hivi, kisha unatema. Huwasaidia baadhi, lakini ni dawa ya cheti na ina uraibu, usiiulizie duka la dawa la mtaani.

Mwl_Kihonda
Jumanne nina kliniki ya presha, naanzia hapo. Mzee nimemsomesha uzi wote. Amekaa kimya, kisha akauliza udongo nauficha wapi.

Bi_Mkubwa_Tanga
😂 Andika kila kitu kwenye karatasi, ukifika mbele ya daktari utasahau. Na la kwanza kumwambia ni kwamba ukila unatulia, maana hilo hata akumulike na tochi hatalijua usipolisema.