Tupeane uzoefu: muendelezo wa filamu uliokuacha njia panda (nimetoka kumwona Predator mpya)

Wakuu, habari za jioni.

Nianze na onyo. Humu nitataja mambo ya ndani ya Predator: Badlands. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, pita kando, uzi utakusubiri.

Mimi na huyu Predator, mnyama wa sayari nyingine anayekuja kuwinda watu, tumetoka mbali. Nikiwa darasa la tano, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza cha mabati chakavu na magunia, mabenchi matano, deki moja na TV ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya kabati isije ikaibwa. Pembeni ya TV alikaa kijana wa kututafsiria. Kiingereza chenyewe alikuwa anabahatisha, lakini mdomo alikuwa nao. Steringi alimwita Komando, na adui alimwita Jini la Msituni. Mpaka leo nikisikia muziki wa ile filamu, sauti ninayoisikia ni ya yule kijana.

Walioiona ile ya 1987 ya John McTiernan wanajua ilivyotengenezwa. Sehemu kubwa adui humwoni. Unaona majani yanatikisika bila upepo. Unaona hewa inayumba, kama ile inayopanda juu ya jiko la mkaa. Mara unapewa macho yake, watu wanakuwa mabaka mekundu na ya njano, na wewe mtazamaji ndiye unayewinda. Wanajeshi wenye vifua kama magunia ya korosho wanaondoka mmoja mmoja, mpaka anabaki Schwarzenegger peke yake, kajipaka tope ili joto la mwili lisionekane. (Wiki ile watoto wote wa mtaa tulijipaka tope la mtaroni. Kina mama walituona vizuri tu, na fimbo zilitufikia.)

Basi. Tukafika mwisho, wamebaki wawili. Yule kiumbe anaanza kuchomoa mipira ya barakoa yake, mmoja, wa pili, mvuke unatoka kila anapochomoa. Anashika barakoa kwa mikono miwili. Kibanda kizima kimya, hata muuza karanga kaacha kutikisa kopo lake.

Umeme ukakatika.

Tulikaa gizani, jasho linatutiririka, hakuna aliyetaka kutoka. Mwenye kibanda akasema kanda ni ya kukodi, asubuhi inarudi kwa mwenyewe, na kiingilio hakirudi. Mimi nikaishi miaka mitano bila kujua ile sura ikoje. Miaka mitano, wakuu. Nilikuwa naichora nyuma ya daftari la Jiografia, mara uso wa kima, mara wa papa, mara hana uso kabisa, shimo tu. Mwalimu aliikuta moja ya picha hizo, nikala viboko vitatu.

Nilikuja kuiona kwa mjomba nikiwa kidato cha pili. Zile taya nne zilipofunguka nilikubali kwamba Stan Winston na watu wake, waliomtengeneza yule kiumbe, walikuwa mafundi kuliko mimi. Baadaye nikajifunza kwamba ndani ya lile vazi alikuwamo Kevin Peter Hall, mtu wa zaidi ya mita mbili, aliyefariki 1991, na kwamba yule rubani wa helikopta anayeonekana dakika za mwisho ni yeye huyohuyo, safari hii kwa sura yake mwenyewe. Sisi tuliokatikiwa na umeme tulizikosa sura zake zote mbili.

Sasa njoo kwenye hii ya Novemba 2025. Kaiongoza Dan Trachtenberg, yuleyule wa Prey ya 2022. Nilikwenda na mwanangu wa miaka 13. Filamu haijakaa sawa, sura hiyo hapo. Wazi, kwenye mwanga. Anaitwa Dek, kijana mdogo wa umbo kuliko wenzake, na baba yake anamwona aibu ya ukoo. Kaka mtu, Kwei, anaamriwa amuue mdogo wake, anakataa, anauawa yeye. Dek anafikia sayari inayoitwa Genna kuwinda dude moja ambalo hakuna wa kabila lake aliyewahi kuliweza, ili arudi kwao na heshima. Huko anamwokota Thia, roboti wa kike aliyekatika kiuno, miguu iko kwingine, anambeba mgongoni kama mama aliyefunga mtoto kwa kanga.

Ni nzuri, sitaki kudanganya. Nyasi za kule zinakata kama wembe. Kuna pigano ambalo miguu ya Thia inapigana kivyake na kiwiliwili kivyake, nilicheka mpaka mtu wa mbele akageuka. Elle Fanning kamcheza Thia vizuri, na kijana wa New Zealand anayecheza Dek anaongea lugha ya kubuni mwanzo mwisho na bado unamwelewa machoni.

Lakini ndani yake hakuna binadamu hata mmoja. Damu inayomwagika ni ya kijani na nyeupe, ndiyo maana ikapewa daraja la kuanzia miaka 13, ambalo filamu za Predator peke yake, bila kuchanganywa na Alien, hazikuwahi kupewa kabla. Katikati Dek anapigwa vibaya, mwanangu akanishika mkono gizani: "Baba, asife huyu."

Anamwombea Jini la Msituni asife.

Nimetoka pale nimefurahi na nimeudhika kwa wakati mmoja, na tangu Jumamosi sijajua lipi limezidi. Wadau, ni muendelezo gani umekufanyia hivi? Tupeane uzoefu. Nawasilisha.

—

Mdau wa Tanga

Mkuu hapo kwenye umeme nimesikia baridi mgongoni. Yangu ni fupi. Terminator 2, 1991. Nimeiangalia mpaka kanda ikaanza kutoa mistari. Filamu nzima mama anahangaika, roboti mwema anakubali kushushwa kwenye chuma kinachochemka, yote ili yule mtoto John apone. Ikaja Dark Fate ya 2019, tukaambiwa Linda Hamilton, yule mama, karudi, nikafurahi. Dakika chache za mwanzo wakampiga John risasi, kwisha habari yake. Nilikaa nayo mpaka mwisho kwa sababu nimelipa. Linda alikuwa moto kwelikweli, mama mtu mzima na bunduki yake. Ila kila akitokea nawaza, mtoto wake ameshakufa, sasa tulikuwa tunakimbia kwenda wapi siku zote zile?

—

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, huku kwetu Predator nilimjua kwa sauti ya DJ Afro, yule mtafsiri wetu wa filamu. Nilipokuja kuiona bila DJ niliona imepwaya, watu wanazungumza kidogo mno! Kisha nikuulize, na joto la Mombasa la mwezi wa pili, huyo mnyama angemwona nani? Mtu na ukuta ni rangi moja.

Kuhusu hiyo mpya mimi sina ugomvi. Tangu zamani yule alikuwa mwindaji mwenye adabu zake. Asiye na silaha hamgusi, na katika ile ya pili, ya 1990, alimwacha yule polisi wa kike alipoona ana mimba. Mtu mwenye adabu ana kwao, ana baba, ana aibu. Wametuonyesha kwao tu.

—

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, hoja yako ina uzito na nimeilalia. Ila nikwambie kinachonikera. Zamani zile adabu zake tulizibahatisha wenyewe. Tulibishana kijiweni wiki nzima kwa nini hakumuua yule mwanamke asiye na bunduki. Sasa kila kitu kimeelezwa, ukoo, sheria, wivu wa baba. Ubishi umekwisha kabla hatujafika kijiweni.

—

Mdada wa Morogoro

Naomba nami nichangie, najua mnadhani uzi huu ni wa wanaume.

Mimi kibandani sikuruhusiwa. Kaka zangu waliingia, mimi niliangalia kupitia tundu kwenye gunia, jicho moja, nikibadilisha la kulia likichoka. Hivyo ndivyo nilivyoiona Aliens ya 1986. Ripley na yule mtoto Newt. Kwa mara ya kwanza naona steringi mwanamke, na hakuna anayemwokoa, yeye ndiye anashuka kule chini kumfuata mtoto. Nilirudi nyumbani nikamfunga mdogo wangu mgongoni, nikashika mchi, nikazunguka nyumba.

Ikaja Alien 3 ya 1992. Chombo kinaanguka, Newt kafa. Hata hakupewa neno la kusema. Nililia, na kaka zangu wakanicheka mpaka leo wananikumbusha kwenye misiba.

Hiyo nilishaisamehe. Iliyoniacha njia panda ni Alien: Romulus ya 2024. Hofu imerudi, giza limerudi, mikono ilinitoka jasho. Halafu wakamleta yule roboti mwenye sura ya Ian Holm wa filamu ya kwanza ya 1979. Ian Holm alifariki 2020. Familia yake iliridhia, sawa, lakini mimi niliona midomo inacheza na macho hayamo. Kwetu mtu akishaagwa ameagwa. Nikawa siangalii tena mnyama, namwangalia marehemu.

Kwa hiyo mwanzisha uzi, wewe umepewa sura mapema, mimi nimerudishiwa sura ambayo ilikuwa imeshapumzika. Sijui nani kaonewa zaidi.

Hiyo Badlands naitaka, nasikia Weyland-Yutani, ile kampuni ya kwenye filamu za Alien, imo. Nina deni nayo tangu utoto.

—

Mdau wa Muscat

Dada hapo juu kamaliza. Mimi niko huku Oman mwaka wa tisa. Tuliiona Badlands vijana watano, wote tumekulia Dar, kila mmoja na kibanda chake. Tulivyotoka hatukuizungumzia filamu hata kidogo, tulizungumzia vibanda. Nani alikuwa anaingia bure kwa kuchota maji ya mwenye nyumba, nani alikamatwa na baba yake akiwa na sare za shule. Labda ndiyo kazi yake siku hizi.

—

Kijana wa Dodoma

Wazee wangu shikamooni. Mimi ni wa 2003. Niliianza Prey, ndipo nikarudi kwa hiyo ya Schwarzenegger. Samahani lakini nusu saa ya kwanza ni watu kupiga bunduki msituni na kutambiana misuli. Prey yule binti wa Kikomanchi, mwaka 1719, hana bunduki wala helikopta, ana shoka na mbwa wake, anamsoma adui mpaka anampata. Hiyo ndiyo kali kuliko zote. Mkiniambia nyinyi mliogopa zaidi, mliogopa kwa sababu kulikuwa na giza na TV ndogo.

—

Mdau wa Tanga

Kijana heshima yako. Umekosea ila heshima yako.

—

Mwanzisha uzi

Kijana wa Dodoma marahaba. Kuhusu Prey hatugombani, naipenda sana, na pale mnyama alifichwa kidogo, tukapata nafasi ya kuwaza. Hilo la giza na TV ndogo limenichoma kwa sababu sina jibu lake.

Dada wa Morogoro, nimesoma yako mara mbili. Tundu la gunia, jicho moja! Kumbe wewe ulikuwa nje na mimi ndani, na wote hatukuona kitu kizima.

Naleta mrejesho kisha nilale. Jana usiku mwanangu aliniomba tuangalie "ile ya zamani". Nikamwekea. Pale pa maiti zilizochunwa nilipeleka mbele haraka, mama yake alikuwa anapita. Tope alilipenda, akauliza kama linafanya kazi kweli. Tukafika kwenye barakoa. Mpira wa kwanza, wa pili, mvuke. Nikakuta nimeacha kuangalia TV, namwangalia yeye, nasubiri ashtuke.

Barakoa ikatoka, taya zikafunguka. Yeye akachukua karanga nyingine.

"Huyu mzee," akasema. "Ni babu yake Dek?"

Nikamwambia sijui. Akatazama kidogo wanavyopigana, akaniuliza mbona yule komando hajamwuliza shida yake ni nini.