Jante za Honda Fit kwenye Toyota Vitz hapa Goma: je, zinafaa?

Swali – mkazi wa Himbi

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2007 yenye jante (rimu) zake za chuma na tairi za 165/70R14. Muuzaji mmoja wa Birere ana jante nne za alumini za inchi 15, zilizotoka kwenye Honda Fit, na ananihakikishia kwamba zinaingia bila shida. Tulijaribu moja palepale, ikaingia kweli. Lakini jirani yangu, ambaye ni dereva wa teksi, aliniambia kwamba kuingia si kukaa, akaenda zake bila kunifafanulia. Gari hili ndilo linalowapeleka watoto shuleni, na kutoka barabara ya lami hadi kwetu ni mawe matupu ya volkano. Nitazame vipimo gani, na nivalishe tairi zipi?

Jibu – fundi, Katindo

Jirani yako amesema kweli, na mzee wangu aliyenifundisha kazi angeyarudia maneno hayo. Magari yote mawili yana nati nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, ndiyo maana jante iliingia. Kwa jante ya matundu manne unaweza kuhakikisha mwenyewe: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolielekea. Pima kwa makini, kwa sababu zipo jante za milimita 98 ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Tatizo la kwanza liko katikati. Kitovu cha Vitz, yaani sehemu ya katikati inayoingia kwenye tundu la jante, kina kipenyo cha milimita 54.1, na tundu la jante ya Honda lina 56.1, kwa hiyo linabaki pengo la milimita moja kila upande. Gurudumu likifungwa kidogo nje ya kati, usukani utaanza kutetemeka mara tu utakapoongeza mwendo. Dawa yake ni pete nyembamba ya kuziba pengo hilo, ya 56.1 kwa 54.1, moja kwa kila gurudumu.

Tatizo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, na wengi hawalijui. Nati za Vitz yako zina ncha iliyochongoka kama koni, lakini jante za kiwandani za Honda zimechongwa kupokea nati yenye ncha ya mviringo kama mpira. Uzi ni uleule, M12 kwa 1.5 (unene milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), kwa hiyo nati ya Toyota itazunguka na kukaza vizuri kabisa mkononi, huku ikigusa jante kwenye mstari mwembamba tu. Baada ya siku kadhaa za kurukaruka kwenye mawe, nati hiyo inaweza kulegea. Mdai muuzaji nati za Honda zenyewe. Akikosa, usizichukue jante hizo.

Geuza pia jante uangalie nyuma, palipogongwa herufi ET na namba. Namba ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje; ikiwa kubwa, linaingia ndani kuelekea springi. Upana nao unahesabiwa; ndio namba ya inchi iliyo mbele ya herufi J. Ukitoka kwenye 5J ET39 kwenda 7J ET35, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 29, na gari likipakia watu tairi linaweza kukwaruza bawa, yaani bodi iliyo juu ya gurudumu. Usipite 6J.

Kuhusu tairi, chukua 185/55R15, yaani upana wa milimita 185, ukuta wa asilimia 55 ya upana huo, na jante ya inchi 15. Kimo chake ni milimita 584.5, na chako cha sasa ni 586.6, kwa hiyo kipima mwendo hakitakudanganya.

Jibu – dereva, Ndosho

Nakuomba usivutwe na inchi 16. Mimi nilivalisha 195/45R16, ambayo ukuta wake una milimita 88 tu, wakati ule wa tairi yako una zaidi ya 115. Asubuhi moja nilikuta gurudumu la mbele limelala. Kwado, yaani fundi wa kuziba tairi, alipaka maji ya sabuni kwenye tairi lote bila kuona kitu, kisha akalaza gurudumu na kupaka ukingo wa ndani wa jante. Hapo mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye ufa mwembamba kama unywele. Jante ya chuma ingepinda na kunyooshwa kwa nyundo. Ile ya alumini ilichomelewa, lakini sikuirudisha mbele tena.

Tairi za mtumba nazo zisome tarehe: 3219 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2019.

Mwuliza swali

Asanteni sana, wakubwa. Nimerudi Birere na rula. Jante ni 5.5J ET45, na nati za mviringo zipo kumi na sita kamili. Jante moja ina alama ya kuchomelewa ukingoni. Nimeikataa, na muuzaji anatafuta nyingine. Pete nimeziagiza. Je, gurudumu la akiba libaki lile la chuma?

Jibu – fundi, Katindo

Umefanya vizuri kuikataa. Gurudumu la chuma linaweza kubaki, kwa kuwa kimo kinakaribiana, lakini weka nati nne za zamani kwenye buti pamoja na jeki, kwa sababu nati za mviringo hazifai kwenye jante ya chuma. Siku ya kufunga, hakikisha fundi anakaza kwa kuvuka upande hadi upande, gari likiwa limeinuliwa, kisha anamalizia kwa ufunguo wenye kipimo, takriban nyutoni-mita (Nm) 103, likiwa chini. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, rudi azikaze tena. Na kabla hujamlipa, pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, usikilize.