Mrejesho: Mazoezi ya Cape Town Cycle Tour, km 109

Wakuu, niliuliza hapa: mtu ambaye hajawahi kuvuka km 30 kwa baiskeli ajiandae vipi kwa mbio hizi za baiskeli za Cape Town, Afrika Kusini? Nimemaliza, asanteni sana! Kurefusha safari ya Jumamosi kidogo kidogo, na kupumzika wiki moja moja, kulinijenga miguu. Kilichoniokoa hasa ni kula kabla ya njaa: ndizi na tende tangu mapema. Mlima wa Suikerbossie unakuja baada ya barabara ya mlimani ya Chapman's Peak, wakati wewe umeshachoka. Pale wengi walishuka wakakokota baiskeli. Mimi niliweka gia nyepesi, nikapanda taratibu. Lakini zoezeni upepo pia, ule wa kusini-mashariki ni mkali mno. Mwaka 2017 upepo huo ulichangia mbio kusitishwa. Anayetaka ratiba yangu aseme, nitaiandika yote.